Dawa ya Kahawa na Samaki Wetu
Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Kiriaini

 

Wengi wenu mlianza samaki mwaka 2009, serikali ilipochimbia wakulima mabwawa ya mita 300 za mraba. Tulizunguka na nyinyi, tunajua jasho lililomwagika. Juzi kikundi kimoja kilipoteza tilapia karibu wote kwa siku mbili. Kumbe jirani wa juu alinyunyizia kahawa dawa ya kopa, akaosha pampu kwenye mfereji unaoleta maji bwawani.

Kopa ni shaba, metali nzito. Huzuia kutu ya majani ya kahawa, lakini huharibu mashavu ambayo samaki hupumulia. Na pale ambapo maji ni laini, hayana chokaa nyingi, shaba huwa kali zaidi.

Sasa mwuzaji amewaambia watoe pesa za mzunguko wanunue unga wa vijidudu vyema, wachanganye na chakula cha samaki. Je, ni uongo? Si uongo kabisa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jiangnan, China, waliwapa tilapia vijidudu vya ukoo wa vile vinavyochachusha uji wetu, katika maji yenye kadimi. Samaki hao walikufa wachache kuliko wenzao, na metali iliyobaki mwilini ilikuwa kidogo. Vijidudu huishika metali tumboni, ikatoka na kinyesi. Lakini hiyo ilikuwa aina moja iliyochaguliwa, na sumu iliyopimwa. Shaba inayoingia kwa mashavu haingojei tumbo. (Na wewe mama uliyeuliza kama utamwaga maziwa mala bwawani, tafadhali usimwage! Yataoza na kumaliza hewa ya samaki.)

Kwa hivyo tunasema pesa za mzunguko zikae kwanza. Semeni na jirani kwa upole, naye anatafuta karo kama nyinyi. Pampu ioshwe mbali na mfereji. Siku ya kunyunyizia, na mvua ya kwanza baadaye, fungeni mlango wa maji. Chimbeni mtaro juu ya bwawa ugeuze maji ya shamba. Chokaa mtapimiwa na afisa wa samaki, msikisie. Na samaki waliokufa hivyo wasiliwe wala kuuzwa, hata kwa bei ya kutupa.

Unga huo tutauzungumzia mwuzaji akileta karatasi inayoonyesha ni kijidudu gani na kilipimwa wapi.