Mali ya Mteja Ikiharibika Mkononi mwa Fundi

(Mada iliyosomwa mjini Tunduma mbele ya mafundi na wenye biashara ndogo ndogo za huduma)



Nimetakiwa niseme juu ya jambo ambalo kila mwenye meza ya kazi katika mji huu amekwisha kulionja. Mteja ameleta chombo chake kitengenezwe, na aliporudi kukichukua akadai kwamba kimeharibiwa. Sitamzungumzia fundi mwizi, yule anayeng'oa spea nzima na kutia mbovu. Hukumu yake inajulikana wala haihitaji mhadhara. Nasema na fundi mwaminifu, kwa sababu huyu ndiye ambaye ugomvi wa namna hii humfungisha duka. Akilipa kila anachodaiwa, mtaji unakwisha. Akikataa kila anachodaiwa, jina lake linakwisha kabla ya mtaji.

Tunduma si mji kama mingine. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia inapita katikati yetu, reli ya TAZARA nayo inapita hapa, na tangu mwaka 2019 kipo kituo cha huduma kwa pamoja baina yetu na wenzetu wa Nakonde. Fundi wa kijijini Mbozi au Ileje aghalabu anamjua mteja wake, anamjua baba yake na shamba lake la kahawa, na wakikosana watapatanishwa na wazee wao. Lakini dereva wa lori aliyekuachia simu leo asubuhi, huenda kesho yuko Lusaka au Lubumbashi. Hakujui, nawe humjui. Hakuna mzee wenu wa pamoja, na hana wiki nzima ya kungoja mpatanishwe. Amani baina yenu itategemea yale mliyoyaandika mlipokuwa bado mnacheka pamoja.

Natoa mfano unaotokea kila mara. Mtu analeta simu yenye kioo kilichopasuka, haiwaki. Fundi anabadili kioo, simu inawaka, na mteja anafurahi. Baada ya saa mbili anarudi kwa hasira akisema, "Fundi, umeniharibia simu, nikipiga sisikiki." Fundi anajibu kwamba simu ililetwa hivyo. Mteja anaapa kwamba kabla haijaanguka alikuwa akisikika vizuri. Basi, nani mwongo? Mara nyingi hakuna mwongo hata mmoja. Simu ilipoanguka iliharibika mahali pawili, pamoja panapoonekana na pengine pasipoonekana, na kwa kuwa haikuwaka hakuna aliyeweza kujua. Mteja anasema kweli kwamba ilikuwa nzima, na fundi anasema kweli kwamba hakuigusa maiki. Ugomvi wote umezaliwa katika dakika tatu za mapokezi, ambapo fundi alipokea kwa haraka kwa kuwa wateja wengine walikuwa wakingoja.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya fundi ni kupokea. Chombo kinachowaka kijaribiwe mbele ya mwenyewe: sauti, kamera, chaji, vibonye. Kisichowaka kiandikwe hivyo, kwamba kimeletwa kikiwa hakiwaki na hali ya ndani haijulikani, kisha mwenyewe aambiwe kwa mdomo kwamba huenda yakaonekana maradhi mengine. Fundi cherehani na dobi wakunjue nguo yote, waangalie doa, tobo na mshono uliofumuka. Mwenye gereji au sehemu ya kuoshea magari aizunguke gari pamoja na dereva kabla ya kupokea ufunguo. Daftari la kaboni linatosha: nakala moja kwa mteja, nyingine kwako. Siku hizi picha ya simu nayo ni shahidi mzuri, ilimradi ipigwe mwenyewe akiwepo. Qur'ani Tukufu imeagiza deni la muda liandikwe, na aya hiyo ya Sura Al-Baqara ndiyo ndefu kuliko zote katika Kitabu hicho. Ajabu ni kwamba sisi tunaisoma kwa sauti nzuri, kisha tunapokea mali ya mtu yenye thamani ya mishahara miwili kwa kutikisa kichwa tu.

Katika daftari hilo yawepo mambo mawili ambayo fundi wa Morogoro hana haja nayo. La kwanza ni fedha: bei iandikwe kwa shilingi, maana kiwango cha kubadilishia cha siku ya kupokea huenda kisiwe cha siku ya kutoa. La pili ni saa. Tanzania iko mbele ya Zambia kwa saa moja. Ukimwambia mteja wa Nakonde kwamba unafunga saa kumi na mbili jioni, naye akaifuata saa yake, atafika kwako saa moja usiku na kukuta kufuli. Nimeona ugomvi mkubwa uliotokana na jambo dogo hilo, kila mmoja akimwita mwenzake mvunja ahadi hali wote wawili walikuwa wametimiza. Andikeni "saa ya Tunduma".

Sasa tuje kwenye swali lenyewe: kitu kikiharibika au kupotea mkononi mwa fundi, ni nani abebe hasara? Mafakihi wamelijadili tangu zamani. Wametofautisha kati ya mtu aliyeajiriwa na mtu mmoja, na fundi wa watu wote, kama dobi au sonara. Imepokewa kwamba Sayyidna Ali (r.a.) aliwatoza mafundi dhamana, kwa kuona kuwa bila hivyo mali za watu zitapotea. Imamu Abu Hanifa aliona kwamba kitu kilicho mkononi mwa fundi ni amana, halipi ila kwa uharibifu utokanao na kazi yake au uzembe wake. Wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, wakamkhalifu, wakasema analipa isipokuwa kwa jambo lisiloepukika, kama moto mkubwa. Na Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea zaidi katika pwani yetu, imesimuliwa na mwanafunzi wake Rabi kwamba alikuwa na rai kuwa fundi asiyezembea hadaiwi, lakini hakupenda kuitangaza kwa kuwaogopa mafundi wabaya. Tafakarini habari hiyo, ndugu zangu. Mwanachuoni anaona haki iko upande wa fundi, naye anasita kuisema kwa sababu ya tabia za mafundi.

Sheria ya nchi haiko mbali na hapo. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo asili yake ni ya mwaka 1961, inamtaka aliyekabidhiwa mali ya mwenziwe aitunze kama mtu wa busara ya kawaida anavyotunza mali yake mwenyewe. Akifanya hivyo na kitu kikapotea bila kosa lake, hadaiwi, isipokuwa kama walikubaliana vingine. Nayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamtaka mtoa huduma atumie utaalamu na uangalifu unaostahili. Basi lile bango linalosema "Hatuhusiki na upotevu wala uharibifu wowote" lisikudanganye. Bango peke yake halimwondolei fundi wajibu aliowekewa na sheria. Mimi binafsi nikiliona bango hilo hujiuliza mwenye duka anajua nini ambacho mimi sikijui.

Tuseme sasa imekubalika kwamba kosa ni lako. Utalipa kiasi gani? Hapa wengi hukosea pande zote mbili. Iko hadithi mashuhuri ya bakuli lililovunjwa nyumbani mwa Mtume (s.a.w.): yeye mwenyewe alikusanya vipande na chakula kilichomwagika, kisha akatoa bakuli zima badala ya lile lililovunjika. Hakukuwa na kelele, na mtumishi aliyelileta hakurudi mikono mitupu. Kilicholipwa ni bakuli kwa bakuli. Simu ya miaka mitatu thamani yake ni ya simu ya miaka mitatu, siyo bei ya mpya dukani. Lakini pia usimpime mteja kwa kipande ulichoharibu peke yake. Dobi akiunguza suruali ya suti, koti nalo limepoteza mwenzake, na kwa haki hasara ni ile tofauti ya thamani ya suti nzima.

Na je, dereva anayesema amekosa safari kwa sababu ya simu, na anadai fedha ya safari? Kanuni ya mikataba ni kwamba unawajibika kwa hasara inayotokana moja kwa moja na kuvunja mapatano, au ile ambayo wote wawili mliijua tangu mwanzo kwamba huenda ikatokea. Kama alikueleza alipoiacha kwamba kuna mzigo anaungoja kupitia namba hiyo, nawe ukamwahidi, ana hoja. Kama hakusema, hasara hiyo ni ya mbali.

Sina budi kukumbusha kisa cha Nabii Daudi na Nabii Suleiman (a.s.) kilichotajwa katika Sura Al-Anbiyaa, cha kondoo walioingia usiku katika shamba la watu. Wafasiri wamesimulia kwamba hukumu ya kwanza ilikuwa mwenye shamba apewe kondoo wale. Suleiman akashauri kwamba mwenye shamba awatumie kondoo kwa maziwa na sufi, na mwenye kondoo alihudumie shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mmoja arudishiwe mali yake. Hakuna aliyefilisika. Nadhani fundi wa Tunduma akiweka kabatini simu mbili za akiba, za bei ndogo, akamwazima mteja anapotafuta kioo kingine, amefanya jambo la jamii hiyo hiyo. Mteja mwenye simu mkononi husikiliza. Asiye nayo hupiga kelele.

Liko jambo ambalo halisemwi sana, nalo ni la vijana wetu saidia fundi. Chombo kikiharibika, tajiri anamlipa mteja kisha anamkata kijana mshahara mzima, pengine wa miezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamruhusu mwajiri kukata kwa hasara iliyotokana na kosa la mfanyakazi akiwa kazini, lakini kwa masharti: amwandikie sababu na kiasi, ampe nafasi ya kujitetea, asizidishe hasara halisi, na makato hayo yasizidi robo ya mshahara. Kijana aliyekatwa wote atafidia mahali pengine, na mahali pengine hapo ni kabati lako.

Mkishindwa kukubaliana, msibishane barazani mbele ya wateja. Mwiteni fundi wa tatu, asiye rafiki wala mshindani wako, akifungue chombo mbele ya wote wawili. Hapo madai mengi huisha. Yakibaki, iko serikali ya mtaa kwa usuluhishi, na iko Mahakama ya Mwanzo, ambako shauri huendeshwa kwa Kiswahili. Tusikimbilie kuapishana. Kiapo ni cha mahali ambapo ushahidi umekosekana kabisa, nasi ushahidi tumeukosa kwa uvivu wa kuandika.

Mwisho ni vyombo visivyofuatwa, ambavyo najua vimejaa katika makabati yenu. Una haki ya kushikilia chombo ulichokitengeneza mpaka ulipwe ujira wa kazi hiyo. Kushikilia siyo kumiliki. Usivae kanzu ya mteja kwa sababu amechelewa. Andika tangu siku ya kupokea ni muda gani utamtunzia, chukua namba yake ya Tanzania na ya Zambia, na ukimpigia andika tarehe uliyompigia. Nimeandaa ukurasa wa mfano wa daftari hilo, wenye nafasi ya hali ya chombo, bei, saa na sahihi za pande mbili. Nakala ziko kwa Katibu karibu na mlango, nami niko tayari kwa maswali.