Maktaba ya Umma na Mtu Atafutaye Kazi

(Hotuba iliyosomwa na mtumishi wa maktaba mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, nayo imechapishwa humu kwa agizo la Halmashauri)



Naishukuru Halmashauri kwa kunipa nafasi ya kusema mbele yenu. Nimeombwa nieleze jinsi maktaba ya umma iwezavyo kumsaidia mtu atafutaye kazi. Najua wako miongoni mwenu wanaojiuliza kitabu na kibarua vina ujamaa gani. Swali hilo ni la haki, nami nitajitahidi kulijibu kwa maneno machache.

Vyama vya kusaidiana kama hiki chetu vilizaliwa mijini, katika siku ambazo kijana aliposhuka garini na kifurushi chake alihitaji mahali pa kulala, na mtu wa kumwambia ni wapi panapotakiwa watu wa kazi. Vyama viliwazika wafu, viliwaangalia wagonjwa, na vilipeleka habari za kazi kutoka kinywa hata kinywa. Njia hiyo ilikuwa njema, na watoto wengi walisomeshwa kwa mishahara iliyopatikana hivyo. Lakini ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa: ilimfaa mwenye jamaa ndani ya afisi au karakana. Asiye na jamaa hakuipata habari, hata kama mikono yake ilikuwa na ustadi kuwapita wote. Upungufu huo ungalipo hata leo.

Wazee watakumbuka pia habari walizopewa na baba zao juu ya kipande. Tangu mwaka 1920 mwanamume Mwafrika wa nchi hii alilazimishwa kuchukua kipande, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kijisanduku cha bati. Humo mwajiri aliandika kazi aliyoifanya mtu huyo, mshahara wake, na siku alipoachishwa. Mwenye kipande hakuwa na neno lake humo. Siku hizi mambo yamegeuka. Atafutaye kazi ndiye aandikaye habari zake mwenyewe: alisoma wapi, ajua nini, alifanya kazi gani, na ni nani awezaye kumshuhudia. Hiyo ni heshima kubwa, lakini ni mzigo pia kwa yule ambaye hajapata kufundishwa namna ya kuandika habari hizo, wala hana chombo cha kuziandikia.

Basi na tuitazame maktaba. Maktaba ya McMillan, katikati ya Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1931, lakini Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma mpaka mwaka 1958. Mwaka 1962 iliwekwa mikononi mwa Baraza la Jiji. Kabla ya hapo, Shirika la Vitabu la Afrika ya Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948, lilikuwa likiwapelekea wasomaji Waafrika vitabu katika masanduku na kwa njia ya posta. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1965 iliunda Shirika la Maktaba la Taifa, nalo likafungua matawi katika miji mingi. Na tangu mwaka 1996 lilipeleka vitabu kwa ngamia huko Garissa, kwa watu wahamao na mifugo yao. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imetaja maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Kwa hiyo mlango uliofungwa mbele ya babu zetu sasa u wazi, tena ni mali yetu sisi tulipao kodi. Lililobaki ni kujua tuingie humo kufanya nini.

Kwa watu wengi maktaba ni mahali pa wanafunzi wanaojitayarisha kwa mtihani. Ni kweli, nao wana haki yao. Lakini mtihani ukiisha, yule yule kijana hatoki tena nyumbani kuja maktaba, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba humo mna kitu cha kumfaa. Badala yake huanza safari ya kutafuta kazi, na safari hiyo ina gharama kila hatua.

Wahenga walisema kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Lakini upwa wa siku hizi umehamia katika mtandao wa intaneti. Nafasi nyingi za Serikali na za makampuni hutangazwa huko, na mara nyingi maombi hupokewa huko huko tu. Kijana asiye na kompyuta huenda saiba, akalipa kwa dakika alizokaa, akalipa kwa kila karatasi iliyochapwa, na pengine akamlipa mtu wa kumwandikia wasifukazi. Mtu huyo humwandikia maneno yale yale aliyowaandikia wengine mia. Akikosa nafasi hiyo, hana budi kulipa tena kwa nafasi nyingine. Hivyo aliye maskini ndiye anunuaye habari, na mwenye uwezo huipata bure katika simu yake au kwa mjomba wake. Hilo ndilo jambo ambalo nasadiki maktaba yaweza kulirekebisha.

Msaada wa kwanza ni mahali na vyombo. Meza safi, taa, magazeti ya siku hiyo, na kompyuta iliyounganishwa na intaneti, vyote hivi vyaweza kutumiwa na mtu yeyote bila kuulizwa kabila lake wala jina la baba yake. Penye ubao wa matangazo, mkutubi aweza kubandika nafasi za kazi kila juma na kuondoa zile zilizopitwa na wakati. Jambo hili ni dogo, lakini mtu aliyetembea kwa miguu toka mtaani hujua thamani ya tangazo ambalo bado li hai.

Msaada wa pili ni maarifa ya sheria. Wengi wetu tumewaona vijana wakihangaika kukusanya vyeti vya kila namna, kwanza cha tabia njema kutoka polisi, kisha cha kodi, cha mkopo wa elimu na vinginevyo, kabla hata ya kuitwa kwa mahojiano. Tangu mwaka 1920 hadi leo makaratasi hayajamwisha Mwafrika. Lakini sheria ya ajira iliporekebishwa mwaka 2022 ilisema kwamba mwajiri aweza kuvitaka vyeti hivyo pale tu anapokusudia kuandikiana mkataba na mtu huyo. Sheria hii imechapishwa, na kila mtu ana ruhusa ya kuisoma. Lakini ni wangapi wameisoma? Sheria isiyosomwa ni kama shoka lililofungiwa stoo wakati kuni zinahitajiwa. Kazi ya mkutubi ni kulitoa shoka hilo na kumpa mwenye kulihitaji.

Msaada wa tatu ni kinga dhidi ya matapeli. Vijana wetu wa kike na wa kiume husikia habari za kazi za nyumbani, za ulinzi na za udereva katika nchi za Ghuba, na wako waliokwisha kutoa fedha za mifugo iliyouzwa kwa mawakala wasiojulikana afisi zao. Mamlaka ya Taifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, imepewa kazi ya kushughulika na habari za watafutao kazi, na yaweka orodha ya mawakala walioandikishwa. Mzazi akifika maktaba kabla hajatoa shilingi hata moja, aweza kuonyeshwa orodha hiyo, akaangalia kama jina la wakala wake limo. Kadhalika mkataba ulioandikwa kwa Kiingereza waweza kusomwa polepole na kuelezwa kwa Kiswahili kabla ya kutiwa sahihi. Majuto ni mjukuu, lakini kusoma mapema ni mzazi wa usalama.

Msaada wa nne ni kwa mafundi. Tuna waashi, maseremala, mafundi wa umeme na mafundi wa magari ambao wamefanya kazi miaka mingi katika jua kali bila cheti chochote. Iko mitihani ya ufundi chini ya Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwanda, kuanzia daraja la tatu mpaka la kwanza, na fundi aliyejifunza kazini aweza kuifanya. Anachokosa mara nyingi si ustadi bali ni maneno: majina ya vyombo kwa Kiingereza, hesabu za vipimo, na kusoma ramani ya jengo. Vitabu vya mambo hayo vyaweza kuwekwa maktaba, na jioni baada ya kazi mafundi wakasoma pamoja.

Haya si ndoto. Huko Marekani, katika mji wa Newark, mkutubi John Cotton Dana alifungua tawi la maktaba kwa ajili ya watu wa biashara mwaka 1904. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Washington uliotangazwa mwaka 2010, nchi hiyo ilipokuwa imepatwa na ukosefu mkubwa wa kazi, ulikadiria kwamba watu wapatao milioni 30 walitumia kompyuta za maktaba kwa mambo ya kazi na ajira katika muda wa mwaka mmoja. Na mwaka 2014 sheria yao ya mafunzo ya kazi ilizitaja maktaba za umma kuwa miongoni mwa wawezao kushirikiana na afisi za ajira. Ikiwa nchi tajiri kama ile imeona haja ya meza ya maktaba, sisi hatuna sababu ya kuidharau.

Lakini haifai niwapambie jambo hili kupita kiasi. Maktaba haiumbi kazi. Pasipo viwanda, mashamba yenye faida na biashara zinazokua, watu mia watagombea nafasi moja, hata kama wote wameandika barua nzuri. Maktaba haiwezi kumwahidi mtu mshahara. Iwezalo ni kuhakikisha kwamba nafasi hiyo moja imejulikana na wote mia, wala si na watatu tu. Na kwamba tisini na tisa waliokosa hawakutoka wakiwa wamefilisika.

Nimesikia pia wasiwasi wa wazee wengine. Husema: chama hiki ni cha watu wetu, kwa nini tutumie jasho letu katika nyumba ya watu wote? Nauheshimu wasiwasi huo. Lakini tujiulize: mtoto wetu akiwa Mombasa, au Eldoret, au Isiolo, mahali tusipo na mtu, atamtegemea nani? Atategemea meza iliyowekwa na watu wa huko, wasiomjua. Tukiweka yetu hapa kwa ajili ya mtoto wa mwingine, tumemwekea wetu kule. Hisani ya namna hiyo haipotei.

Basi, Bwana Mwenyekiti, naomba kuleta mbele ya mkutano huu mambo manne, ambayo gharama yake si kubwa.

Kwanza, Halmashauri iiandikie serikali ya kaunti, kuomba kwamba maktaba iliyo karibu nasi itenge meza moja kwa ajili ya watafutao kazi, asubuhi mbili kila juma, pamoja na kompyuta moja isiyotumiwa kwa jambo lingine saa hizo.

Pili, tuwaombe wanachama wetu waliostaafu, yaani makarani, walimu, wauguzi na mafundi, wajitolee kukaa katika meza hiyo kwa zamu. Mzee aliyefanya mahojiano ya kuajiri watu miaka 20 ana elimu isiyopatikana kitabuni. Asiwaandikie vijana barua zao. Awasikilize, awaulize maswali, na awaache waandike wenyewe.

Tatu, Chama kilipe gharama ya gazeti moja la kila siku, likae maktaba, wala lisichukuliwe nyumbani na mtu yeyote, hata na afisa wa Chama.

Nne, pawekwe daftari. Liandikwe ni wangapi waliofika, wanawake wangapi na wanaume wangapi, walitafuta kazi gani, na mwisho wao ulikuwaje kwa wale watakaorudi kutuambia. Majina yao yasitangazwe, hesabu tu. Mwaka ujao hesabu hiyo isomwe hapa pamoja na hesabu ya fedha. Ikiwa meza hiyo haikumfaa mtu, tuiondoe bila haya. Ikiwa imewafaa hata wachache, tuiongeze.

Bwana Mwenyekiti, Chama hiki hakijapata kushindwa kuchanga fedha za kumzika mwanachama. Hilo ni jambo la sifa, na tuendelee nalo. Lakini walio hai nao watugongea mlango. Hawaombi sadaka, waomba kuonyeshwa njia, na njia yenyewe imo katika nyumba ambayo ni yao. Naomba mkutano ukubali mambo haya manne, na kama yako ya kurekebishwa, yarekebishwe leo kabla hatujatawanyika.