Ziara ya Kikundi: Twende Kuona Nini Hapa Pwani?

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Mwaka ukikaribia kwisha, vikundi vingi hutujia na ombi moja: "Tunataka kufanya ziara." Sisi hatukatai. Watu wamelima, wamesuka makuti, wamechanga kila wiki, wana haki ya kupanda basi wakapumua kidogo. Lakini tukiuliza mnaenda kuona nini, jibu ni "Mombasa". Haya, Mombasa ni mji. Mtu anaweza kufika Mombasa, akanunua nguo za mitumba Kongowea, akala viazi karai, akapiga picha kwenye zile pembe kubwa za barabarani, na jioni pesa za kikundi zimekwisha. Hakuna alichorudi nacho ila mfuko wa nguo.

Kwa hiyo leo tuseme habari za mahali pa kwenda, na kwa nini.

Wengi mnaitaja Ngome ya Yesu, yaani Fort Jesus, na ni vizuri kuiona. Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa mawe ya matumbawe. Waarabu wa Oman waliizingira kuanzia 1696, na waliokuwa ndani walikufa kwa njaa na maradhi mpaka ngome ikaanguka mwaka 1698. Baadaye Waingereza waliigeuza gereza, ikabaki gereza mpaka 1958. Mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Ndani mtaona vyombo vilivyotolewa baharini kutoka meli ya Kireno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Vijana wa shule wanapenda sana mizinga. Lakini ile ni mali ya taifa, ina wafanyakazi wake na bajeti yake. Kikundi cha akina mama thelathini kikitoka pale kimejua historia, lakini bado hakijajua kitafanya nini na kile kilichoko kijijini kwao.

Sisi tungependa mwone pia mahali ambapo wanakijiji wenyewe wameshika kitu chao na kinawalisha.

Chukueni Kaya Kinondo, kusini ya Diani. Nyinyi Wamijikenda hamhitaji kuambiwa kaya ni nini, lakini kwa ndugu zetu waliotoka bara: kaya ni msitu ambamo wazee wa zamani waliweka kijiji chao chenye boma, na hata baada ya watu kuhamia nje, msitu ukabaki na heshima yake. Hakati mtu mti ovyo. Misitu hii ilipata shida kubwa. Bei ya ardhi karibu na ufuo ilipanda kwa sababu ya mahoteli, na kaya nyingine zikamegwa. Serikali ilianza kuzitangaza kuwa urithi wa taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 kumi kati yake ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Sasa Kinondo walifanya nini? Wazee na vijana wa Kidigo walikaa wakakubaliana kuwapokea wageni kwa masharti yao wenyewe. Mgeni hulipa kiingilio, hufungwa kaniki kiunoni, hufuatana na kijana wa pale anayejua miti na dawa zake. Hachumi jani, haokoti hata kijiwe. Msitu ni ule ule, masharti ni yale yale ya babu, lakini kuna pesa inayoingia kijijini. Mkifika pale msiangalie miti tu. Waulizeni: nani anashika kitabu cha pesa? Wazee hupata nini na vijana hupata nini? Mligombana wapi? Maana mradi wowote wa pesa una mahali watu walipogombana, nanyi mnajua.

Wengine wameshatuuliza kama Mkristo anaweza kuingia kaya. Mgeni huingia kama mgeni. Hakuna anayemwambia aabudu kitu. Anaheshimu nyumba ya watu, basi.

Wakienda upande huo huo na muda ukiruhusu, wafike Shimoni waone pango linalosimuliwa kwamba watumwa walifungiwa humo, kisha wavuke kwenda kisiwa cha Wasini. Huko akina mama wana njia ya mbao inayopita juu ya matumbawe na mikoko, nao ndio wanaoisimamia. Akina mama wetu tungependa wakae na wale waongee wao kwa wao, bila mwenyekiti wa kiume kujibu kwa niaba yao. (Wazee, mtusamehe.)

Upande wa kaskazini kuna Gede, kabla ya kufika Malindi. Ni mji wa Waswahili uliohamwa mnamo karne ya 17, ukamezwa na msitu. Una msikiti mkubwa, jumba la mfalme, visima virefu, na kaburi moja limeandikwa mwaka wa Kiislamu 802, ambao ni 1399. Waliochimba pale walipata vyombo vya Kichina na shanga za Venice, kwa hiyo yule anayesema Mwafrika hakufanya biashara na dunia, mpelekeni Gede. Mwaka 2024 nao uliingizwa katika Urithi wa Dunia.

Lakini kwa vikundi vyetu, jambo kubwa liko pale pale mlangoni: mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993. Watu wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hawakuupenda. Ndovu walitoka wakala mazao, na wengi walitaka ukatwe wagawiwe mashamba. Nani angewalaumu? Ndipo wakulima wakafundishwa kufuga vipepeo. Wanapata vipepeo wazazi kutoka msituni, wanawaweka ndani ya vizimba vya neti, wanapanda mimea ambayo viwavi hula. Kiwavi akishajifunga ndani ya ganda lake, huuzwa kwa mradi, akapelekwa kwa ndege Ulaya na Marekani, na huko hutoka kipepeo mbele ya watazamaji. Ukichelewa kumpeleka, anakutokea wewe nyumbani na pesa imeruka. Kwa hiyo ni kazi ya kuamka mapema na kuandika tarehe. Msitu ukikatwa, vipepeo hakuna. Yule aliyetaka ukatwe sasa ana sababu ya kuulinda.

Tuna jambo jingine, na hili linatuuma. Ukisema "kigango", wengi wenu mnafikiria kanisa dogo la kijijini. Kwa Wagiriama kigango ni mti uliochongwa, husimamishwa kwa ajili ya mzee wa chama cha Gohu aliyefariki. Familia ikihama, kigango hubaki pale pale, hakihamishwi. Na mwizi anajua hivyo. Vijana waking'oa wanapewa pesa kidogo tu, na huko ng'ambo kitu hicho hicho kinauzwa kwa maelfu ya dola.

Mwaka 1985 familia moja ya upande wa Kaloleni iliibiwa vigango viwili. Kwa bahati, mtafiti Mmarekani, Monica Udvardy, alikuwa amempiga picha mwenyewe akiwa mbele yake. Mwaka 1999 aliona picha ya kimoja, kumbe kimo ndani ya makumbusho moja huko Illinois. Cha pili kilipatikana katika makumbusho ya chuo kikuu cha Hampton, Virginia. Vikarudishwa kwa familia mwaka 2007, baada ya miaka 22. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver nayo ilitangaza kurudisha vigango 30, lakini vile havikujulikana vilitoka kwa nani. Si mnaona tofauti? Picha moja tu.

Kwa hiyo kabla kikundi hakijakata tiketi ya kwenda kuona vya wengine, tunaomba katibu achukue daftari na mtu mwenye simu ya kamera, wazunguke kijijini kwenu na ruhusa ya wazee. Vigango, makaburi ya zamani, vinu, ngoma, visima: viandikwe ni vya nani na viko wapi. Daftari likae mahali pa siri, lisije likawa ramani ya wezi. Akija mtu na gari akitaka kununua, mjue kuwa sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi hairuhusu vitu vya kale kutolewa nchini bila kibali, na mpige ripoti.

Kuhusu safari yenyewe: Kinondo na Gede haziendi pamoja siku moja, chagueni. Pigeni simu wiki mbili kabla ili mpate mtu wa kuwatembeza. Mweka hazina abaki na risiti zote. Wanaokwenda kusini kwa kivuko watoke kabla ya saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu ya foleni ya Likoni.