Mtoto Anayerukaruka Mikono: Tusikimbilie Kusema ni Jini

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wazazi, Kidodi)



Maradhi ninayokusudia kuyaeleza huanza kwa jambo dogo, nalo ni mafindofindo. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 huumwa koo siku chache, hupona, na nyumbani watu husahau. Baada ya mwezi mmoja hata miezi sita, mtoto yule yule huanza kudondosha kikombe. Mwandiko wake huharibika. Mikono na uso hurukaruka pasipo yeye kutaka. Akitoa ulimi, hurudi ndani papo hapo. Akikushika mkono, vidole vyake hukaza na kulegea kama vya mtu akamaye ng'ombe. Hulia bila sababu. Wasichana hupatwa zaidi.

Basi shuleni huchapwa kwa utundu, na nyumbani hutafutwa mtu wa kumpunga. Husemwa: kama si jini, mbona akilala hutulia? Hali kutulia usingizini ni dalili mojawapo ya maradhi yenyewe!

Daktari Thomas Sydenham wa Uingereza aliyaeleza mwaka 1686, nayo huitwa koria ya Sydenham. Bakteria aitwaye streptokoki huingia kooni, na kinga ya mwili hutengeneza silaha za kumpiga. Silaha hizo hukosea, zikashambulia sehemu za ubongo ziongozazo mwendo wa viungo. Zaweza kushambulia na valvu za moyo pia, na hapo ndipo penye hatari kubwa.

(Wale wenye jamaa Mahenge wasichanganye haya na ugonjwa wa watoto kuinamisha kichwa, alioueleza Dkt. Louise Jilek-Aall miaka ya 1960. Ule ni aina ya kifafa, nao huonekana zaidi penye usubi wa mitoni.)

Kwa hiyo mtoto wa namna hii apelekwe hospitali, na mzazi aombe moyo wake upimwe. Mirukaruko ikizidi, daktari ana dawa za kuituliza, kama valproeti au haloperidoli. Shingo ikikakamaa kwa dawa hiyo ya pili, arudishwe upesi. Kuomba dua ni wajibu wetu, lakini Mtume (s.a.w.) alituamrisha pia kujitibu.

Tiba kubwa, hata hivyo, ni sindano ya pensilini ya benzathini, kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka isiyopungua mitano, na mara nyingi hadi mtoto awe mtu mzima. Hapa ndipo wazazi wengi tunapoteleza. Mirukaruko kwa kawaida hukoma yenyewe baada ya miezi kadhaa. Mtoto hucheza, huchota maji, na mama huona hakuna haja tena ya kupoteza siku ya shamba kwa ajili ya sindano. Lakini sindano ile hailengi mikono. Huzuia mafindofindo mapya, kwa maana kila yanaporudi valvu zaweza kuharibika zaidi, mpaka mtoto aishiwe pumzi kwa mwendo mfupi na kuhitaji upasuaji wa moyo, ambao sisi wa huku hutulazimu kuufuata mbali.

Mwenye mtoto aliyepata kuwa na hali hii, hata kama sasa ni mzima kabisa, aitazame kadi yake leo usiku aone tarehe ya sindano ya mwisho.