Mawe Hutangulia, Samaki Hufuata

Leo tutafakari pamoja kazi moja wanayoijua wale wafugao viumbe vya bahari nyumbani, nayo ni kuwahamisha samaki na matumbawe kutoka tangi dogo la kioo hadi tangi kubwa.

Twaweza kudhani ni kazi ya jioni moja: tunajaza maji, tunatia samaki, tumemaliza. La, hasha! Kwa haraka hiyo tutawaua wale tuliotaka kuwatendea mema.

Kwa nini? Uchafu wa samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao. Wanaoigeuza sumu hiyo ni bakteria wasioonekana kwa macho. Wengi wao hawaelei majini, bali wamejishikiza katika vitundu vya mawe na katika chujio. Tukiyatupa mawe ya zamani kwa sababu hayapendezi, tumewatupa watumishi wa nyumba nzima.

Basi tunatayarisha mapema. Tunakagua sakafu, maana lita 400 za maji zina uzito wa zaidi ya kilo 400. Siku moja kabla, tunachanganya maji safi na chumvi ya bahari katika chombo cha kando, kiasi cha gramu 35 kwa kila lita, na kuyapasha moto hadi nyuzi 25 hivi, yalingane na yale ya zamani.

Siku ya kuhama, mawe hutangulia, yakiwa ndani ya maji njia nzima, kwani yakikauka bakteria hufa. Hufuata matumbawe, na mwisho samaki, wakizoeshwa maji mapya tone kwa tone. Mchanga wa zamani hatuumwagi ovyo. Umeficha uchafu wa siku nyingi, na ukitibuliwa huchafua maji yote.

Hata taa yahitaji subira. Matumbawe hupata chakula kingi kutoka kwa mwani mdogo sana uishio mwilini mwake kwa nguvu ya nuru. Lakini nuru kali ikiyapiga ghafula, huufukuza mwani huo, yakabaki meupe na dhaifu. Kwa hiyo tunaanza na nuru hafifu, tukiiongeza kidogo kidogo kwa majuma kadhaa. Amonia tunaipima kila siku mwanzoni, na samaki wageni tunawangojesha.

Ndugu wapenzi, sisi nasi huhama. Tunatoka chumba kimoja kwenda nyumba kubwa, kijijini kwenda mjini. Tunapopakia mizigo, tujiulize: ni nani waliokuwa wakituondolea sumu bila kuonekana? Huenda ni nyanya aliyetupatanisha, au jirani aliyetuangalilia watoto. Tusiwaache nyuma kama mawe yasiyopendeza. Nyumba kubwa isiyo na watu kama hao ni maji tu na kioo.

Tuwe na juma jema. Kwaherini.