Mgonjwa wa Akili Naye Asikilizwe



Wahenga walisema, "Adhabu ya kaburi aijuaye maiti." Kauli hiyo inathibitika zaidi katika maradhi ya akili. Aliyevunjika mguu huonekana akichechemea. Mwenye sonona hupanda basi pamoja na wenzake, hufika kazini na kujibu salamu, wala hakuna anayejua kwamba kwa majuma matatu hajapata usingizi.

Na uchukuliwe mfano wa mwalimu wa shule mojawapo ya miteremko ya Kilimanjaro, iwe Marangu, Kibosho au Rombo. Hamu ya chakula imemtoka. Madaftari ya wanafunzi yamelundikana bila kusahihishwa. Anachelewa kazini, kisha hafiki kabisa. Mwalimu mkuu anamwandikia barua ya kutaka ajieleze. Akienda zahanati anaona haya kutaja kinachomsumbua, hivyo anasema kichwa kinamuuma na moyo unamwenda mbio. Mganga, mwenye foleni ndefu mlangoni, anampa dawa ya maumivu. Mwalimu anarudi nyumbani na ugonjwa ule ule, na juu yake aibu ya kuonekana mtu wa kujisingizia.

Chanzo kimoja cha hali hii ni kasumba ya kale. Tangu zama za utawala wa Mwingereza, tiba ya akili ilifungamanishwa na Mirembe, hospitali iliyoko Dodoma, hata jina la hospitali hiyo likageuzwa kuwa tusi mitaani. Mtu mwenye tusi hilo masikioni hawezi kwa wepesi kukiri mbele ya mganga kwamba akili yake inaumwa.

Yafaa ikumbukwe kwamba Mkoa wa Kilimanjaro una historia katika jambo hili. Katika miaka ya 1980, Serikali, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na Denmark, iliendesha mpango wa taifa wa afya ya akili, na mikoa ya kwanza kuujaribu ilikuwa Morogoro na Kilimanjaro. Shabaha ilikuwa tiba imfikie mwananchi karibu na kwake. Mgonjwa aanzie zahanati, na ikibidi apewe barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa, kama vile Mawenzi au KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971. Lakini ngazi hiyo hupandwa kwa maneno: mgonjwa asiposema, atabaki chini.

Basi, aseme nini? Kusema "nina mawazo mengi" hakutoshi, kwani kila mtu husema hivyo. Ataje mambo yenyewe: yalianza lini, analala saa ngapi, anakula nini, kazi gani imemshinda. Ayaandike kwenye karatasi kabla ya kwenda, maana mbele ya daktari kumbukumbu hukimbia. Afuatane na mtu anayeishi naye, aliyeyaona mabadiliko hayo. Asifiche mbege anayokunywa wala dawa za miti shamba anazotumia. Na iwapo amepata wazo la kujiua, alitaje kwanza, waziwazi. Hiyo ni dalili ya ugonjwa inayodai msaada siku hiyo hiyo.

Daktari akiagiza damu ipimwe, isidhaniwe kwamba amepuuza. Upungufu wa damu na maradhi ya tezi ya shingo huweza kuleta uchovu na unyonge. Lakini majibu yakitoka safi, mgonjwa ana haki ya kuuliza kwa adabu: kama si hilo, ni nini basi, na nirudi lini? Aelezwe pia kwamba dawa za sonona huchukua majuma kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu, asije akaziacha mapema.

Wajibu hauishii kwa mgonjwa na daktari. Mkuu wa kazi anayemwona mtumishi hodari akizorota ghafla, na amwite faraghani amwulize hali kabla ya kumwandikia barua. Ni kweli kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini yupo pia aliyeyataja maradhi yake akachekwa, na huyo hakuyaficha. Walionyamazisha kauli yake ndio waliomfichia, nao wana sehemu yao katika yatakayompata.