Ubao Mtupu Usitutishe

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi wakati wa kufungua mafunzo ya uchoraji kwa vijana wa sharika)



Leo tunafungua mafunzo ya uchoraji. Mbele ya kila kijana pana ubao mtupu, na tumeona katika vikundi vyetu kwamba hapo ndipo kazi hukwama. Kijana ameshika brashi, kopo la rangi limefunguliwa, lakini mkono hauendi. Wengine husema hana kipaji. Sisi tunasema ana hofu, na hofu yake ina sababu: ubao ni wa fedha, rangi ni ya fedha, naye ameambiwa asiharibu.

Hofu hii huwapata hata wakubwa. Mwaka 1915 Winston Churchill, baada ya kuondolewa katika uongozi wa jeshi la majini la Uingereza, alianza kujifunza kuchora akiwa na umri wa miaka 40. Ameeleza mwenyewe jinsi alivyoliogopa turubai jeupe, akaweka doa moja la buluu, dogo kama harage. Ndipo akafika Hazel Lavery, mke wa mchoraji John Lavery, akatwaa brashi kubwa na kupiga mistari mipana juu ya turubai lile. Churchill akaona kwamba turubai halina la kumfanya. Katika maisha yake alichora picha zaidi ya 500.

Hapa kwetu tunaye Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968. Hakusomea sanaa chuoni. Alitumia hadibodi na rangi za kung'aa, za aina inayopakwa baiskeli. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo wake unaitwa kwa jina lake hadi leo. Wachoraji wa mtindo huo kwa kawaida hawaanzi na mnyama. Kwanza hupaka ubao wote rangi, huuacha ukauke, kisha huchora juu yake.

Basi, vijana wetu, tufanye hivyo. Kwanza, tuondoe ule utupu: paka ubao wote rangi yoyote uipendayo. Pili, tuanze na brashi pana na maumbo makubwa. Macho ya twiga na manyoya ya ndege yatafuata. Tatu, tusifute kila mstari. Rangi ya mafuta ikikauka hupakwa nyingine juu yake, na ubao ukatumika tena.

Kwenu wajumbe na wafadhili tuna ombi moja. Fundi cherehani hujifunza kukata kwenye karatasi za mifuko ya saruji kabla hajapewa kitenge cha mteja, wala hakuna anayemdai gauni kwa karatasi zile. Mchoraji naye anahitaji mbao za kuharibu. Tunaomba bajeti ya mafunzo iwe na fungu la mbao hizo, na taarifa ya robo ya kwanza isiulize picha ngapi zimeuzwa. Iulize kila kijana ameanza picha ngapi. Kijana anayeogopa kuharibu huishia kunakili kazi ya mwenzake, ndiyo maana meza za kuuzia hujaa twiga wale wale, na mnunuzi akipita hana sababu ya kusimama.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ubao mmoja ukiharibika, uchoraji haujaisha.

Mbao za kutosha zimewekwa mezani. Tunaomba kila mjumbe naye achukue brashi, apake ubao mmoja pamoja na vijana, ndipo twende kwenye chai.